Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Filamu za Milima na Suala la Nani Apewe Kipaza Sauti

Mji wa Trento, kaskazini mwa Italia, umekuwa ukiandaa tamasha la filamu za milima tangu mwaka 1952. Banff, mji mdogo uliozungukwa na milima ya Rocky nchini Kanada, ulianza la kwake mwaka 1976, na Kendal, kaskazini mwa Uingereza, ukafuata mwaka 1980. Leo matamasha ya aina hii yameenea Ulaya na Amerika, na filamu bora za Banff huzungushwa katika nchi nyingi baada ya tamasha lenyewe kufungwa. Sisi tunaoishi na mlima mrefu kuliko yote barani Afrika hatuyazungumzii sana, kana kwamba hayatuhusu.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Watu hununua tiketi, huketi gizani na kuangalia wenzao wakikwea kuta za mawe na vilele vya barafu. Kisha taa huwashwa, na yule aliyekuwa ndani ya filamu huja jukwaani kwa miguu yake mwenyewe. Huzungumza kwa muda mrefu, huonyesha picha zake, husimulia alivyoogopa na alivyoponea chupuchupu, halafu hadhira humuuliza maswali. Nilipokuwa ughaibuni kwa masomo ya shahada ya uzamivu niliyazoea maonyesho ya namna hiyo, na ninakiri kwamba niliyapenda.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba jukwaa hilo, pamoja na uzuri wake wote, limesimama juu ya mgawanyo wa kazi ambao ni wa kisiasa. Kuna anayepanda na kusema, na kuna anayebeba na kuonekana. Wa kwanza ana jina, ana sauti, ana malipo ya kuzungumza. Wa pili ana mgongo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sinema ya milima imekuwa kwa muda mrefu njia mojawapo ya kuugeuza mzigo wa mtu mwingine kuwa usufi machoni pa watazamaji. Kwa kuwa wabebaji wa Kilimanjaro ni ndugu na majirani zetu, suala hili ni letu kabla ya kuwa la Trento au Banff.

Uzuri tusioweza kuukana

Nianze na haki. Filamu hizi, zilizo bora miongoni mwake, zina jambo la kutufundisha sisi wa huku ambao majukwaa yetu ya umma yamejaa wageni rasmi na hotuba zilizoandikwa na wengine.

Chukua kisa cha Joe Simpson na Simon Yates. Mwaka 1985 vijana hao wawili wa Kiingereza walipanda Siula Grande, mlima wa mita 6,344 katika safu ya Andes nchini Peru. Wakiwa njiani kushuka, Simpson alivunjika mguu. Yates akamteremsha kwa kamba, kipande baada ya kipande, ndani ya dhoruba na giza, mpaka Simpson akajikuta ananing'inia hewani bila mahali pa kukanyaga, na Yates aliye juu akianza kuvutwa kutoka pale alipoketi. Hawakuweza kusikilizana. Yates akaikata kamba kwa kisu. Simpson akaanguka ndani ya ufa wa barafu, akanusurika, akatambaa kwa siku kadhaa hadi kambini na kuwakuta wenzake wakijiandaa kuondoka.

Filamu ya Touching the Void, iliyotoka mwaka 2003 chini ya uongozi wa Kevin Macdonald, inawaketisha watu hao wawili mbele ya kamera, kila mmoja peke yake, nao wanasimulia. Aliyekata kamba anasema alifanya nini na aliwaza nini. Aliyekatiwa kamba anasema aliyoyapitia, na katika miaka yote tangu hapo amekuwa mtetezi wa mwenzake. Hakuna anayejificha nyuma ya maneno kama "taratibu zilifuatwa" au "uchunguzi unaendelea". Ni watu wazima wawili wanaotoa hesabu ya uamuzi mzito mbele ya umma. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya ajiulize ni lini mara ya mwisho alimsikia kiongozi wa idara akieleza uamuzi wake kwa uwazi wa namna hiyo.

Au chukua Free Solo, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Inamfuata Alex Honnold, ambaye tarehe 3 Juni 2017 alipanda ukuta wa El Capitan huko California, wenye urefu wa takriban mita 900, bila kamba, kwa muda usiofika saa nne. Mwaka mmoja niliwaonyesha wanafunzi wangu filamu hiyo katika mjadala kuhusu hatari na hiari. Nilitarajia waulize kuhusu woga. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akanyoosha mkono: "Dokta, huyo anayempiga picha amefikaje huko juu?"

Ni swali la maana kuliko yote niliyokuwa nimeyaandaa. Kwa bahati nzuri, filamu ile ina jibu lake. Waongozaji, Jimmy Chin na Elizabeth Chai Vasarhelyi, wanawaonyesha wapiga picha wao, ambao wenyewe ni wapanda milima hodari, wakining'inia kwenye kamba na kujadiliana kama kuwapo kwao kunaweza kumvuruga mtu yule na kumuua. Mmoja wao, saa ilipofika, anaigeuzia kamera kisogo kwa kuwa hawezi kutazama. Filamu inakiri kwamba picha hutengenezwa na watu, na kwamba watu hao wana dhamiri.

Lakini swali la mwanafunzi wangu linazihusu filamu nyingine nyingi ambazo hazina jibu. Kamera ilifikaje kileleni? Nani aliibeba? Chakula, hema na mitungi ya oksijeni vilifikaje? Katika filamu hizo mizigo huonekana kama imejipandisha yenyewe.

Walioletwa kucheza

Mgawanyo huu wa kazi una historia, na umri wake unakaribiana na umri wa sinema yenyewe ya milimani.

Tarehe 7 Juni 1922 msafara wa Waingereza uliokuwa ukijaribu kupanda Everest kutokea upande wa Tibet ulifunikwa na maporomoko ya theluji. Wapagazi saba walikufa. Waingereza waliokuwa nao kwenye mteremko huo wote walitoka hai. Msafara ulikuwa na mpiga filamu wake, John Noel, na picha alizozipiga zilionyeshwa London baadaye. Mwaka 1924 msafara ulirudi, safari hii Noel akiwa amenunua haki za picha kwa pauni 8,000, fedha zilizochangia sana gharama za msafara. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa mlima ulipandwa kwa fedha ya filamu, na filamu ilihitaji shujaa. Ilimpata katika msiba, kwa kuwa George Mallory na Andrew Irvine walitoweka karibu na kilele tarehe 8 Juni mwaka huo.

Filamu ya Noel, The Epic of Everest, ilipozinduliwa London, yeye alitaka kuwapa watazamaji jambo zaidi ya picha. Akawaleta watawa wa Kibudha kutoka Tibet, akawapandisha jukwaani wacheze ngoma za ibada zao kabla ya filamu kuanza. Watu wa London walishangilia. Serikali ya Tibet iliona ni dhihaka kwa dini yake, ikakasirishwa pia na baadhi ya picha zilizowaonyesha watu wake kama viumbe wa ajabu, na mgogoro wa kidiplomasia ukazuka. Waingereza hawakuruhusiwa kurudi Everest na msafara mwingine hadi mwaka 1933.

Nakuomba, ndugu msomaji, ulizingatie tukio hili. Hapa tuna filamu ya mlima, ukumbi uliojaa, na wenyeji wa mlima wakiwa jukwaani kwa miili yao. Vyote vinavyohitajika katika tamasha la leo vilikuwapo. Kilichokosekana ni kimoja tu: hakuna aliyewauliza watawa wale swali. Waliletwa wacheze. Aliyezungumza alikuwa Noel.

Miaka 29 baadaye, tarehe 29 Mei 1953, Edmund Hillary na Tenzing Norgay walifika kilele cha Everest. Picha maarufu ya kileleni ni ya Tenzing, ameinua shoka lake la barafu lenye bendera. Hillary ndiye aliyeipiga, na yeye mwenyewe hana picha yake kileleni. Kwa upande wa picha, basi, Tenzing alishinda. Kwa upande wa heshima, Hillary na kiongozi wa msafara, John Hunt, walipewa cheo cha Sir, na Tenzing akapewa Medali ya George. Somo lake ni kwamba kuonekana kwenye picha hakumpi mtu nafasi sawa na mwenye kuisimulia.

Siku wabebaji waliposema

Filamu iliyobadilisha mjadala huu ni Sherpa, ya mwongozaji wa Australia Jennifer Peedom, iliyotoka mwaka 2015. Peedom alikuwa amefanya kazi Everest kabla, akawafahamu watu waliokuwa wakikatwa kwenye picha. Mwaka 2014 alikwenda akiwa na nia ya kuusimulia msimu mzima kwa macho ya Washerpa, hasa Phurba Tashi, ambaye alikuwa amefika kilele cha Everest mara 21 na angeweka rekodi kwa kufika mara ya 22.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 2014 pande kubwa la barafu lilianguka juu ya njia inayopita katika Maporomoko ya Barafu ya Khumbu. Watu 16 walikufa, wote Wanepali, wote wakiwa kazini kupandisha vifaa vya wateja. Serikali ya Nepali ikatangaza kuzipa familia rupia 40,000 kila moja, kiasi cha dola 400 hivi, kwa ajili ya mazishi. Hapo ndipo wabebaji walipokataa. Walikusanyika kambini, wakahutubiana, wakaandika madai, na mwishowe msimu mzima wa upande huo ukafungwa.

Kwa kuwa kamera ilikuwa imewekwa upande wao tangu mwanzo, ilinasa yote haya. Inamwonyesha mke na mama wa Phurba Tashi nyumbani, wakieleza kwa nini hawataki arudi mlimani. Inanasa pia mteja mmoja akiuliza kama haiwezekani kuzungumza na "wamiliki" wa Washerpa hao. Sidhani kama mtu huyo alikuwa mwovu kuliko wengine. Alikuwa amelipa fedha nyingi na ndoto yake ilikuwa inayeyuka. Lakini neno lile lilimtoka kwa sababu miaka tisini ya filamu na hotuba za jukwaani ilikuwa imemfundisha kwamba mbebaji ni sehemu ya vifaa.

Kusema kwao hakukuishia kwenye filamu, kwani kiwango cha chini cha bima ya maisha kwa wafanyakazi wa mlimani kilipandishwa. Tarehe 16 Januari 2021 Wanepali kumi walifika pamoja kilele cha K2 katika majira ya baridi, jambo ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifanya. Walisubiriana hatua chache chini ya kilele ili waingie wote kwa pamoja. Mmoja wao, Nirmal Purja, ndiye kiini cha filamu ya 14 Peaks ya mwaka huo huo, inayosimulia jinsi yeye na wenzake walivyopanda vilele vyote 14 vya dunia vinavyozidi mita 8,000 kwa miezi sita na siku sita. Watu ambao babu zao walicheza jukwaani sasa walikuwa wamelishika jukwaa lenyewe.

Nisije nikaeleweka kwamba mambo yamekwisha. Tarehe 27 Julai 2023 mpagazi wa Kipakistani, Muhammad Hassan, alikufa katika sehemu ya juu ya K2 inayoitwa Bottleneck. Picha za droni zilizopigwa siku hiyo zilionyesha wapandaji wakipita kando na juu ya pale alipolala, wakielekea kileleni. Baadhi ya waliokuwapo walieleza kwamba walijaribu kumsaidia kwa muda mrefu na kwamba mahali pale hapakuruhusu uokoaji, na mamlaka za Pakistan zilifanya uchunguzi. Sitoi hukumu hapa. Ninachosema ni kwamba bila kamera ile kifo cha Hassan kingebaki kuwa mstari mmoja katika taarifa ya mafanikio ya msimu.

Na kwetu Kilimanjaro

Sasa turudi nyumbani. Oktoba 6, 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika kilele cha Kibo, na Meyer akakipa jina la mfalme wake. Aliandika kitabu, akatoa mihadhara, akawa msemaji wa mlima. Katika maandishi yake anamtaja Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki nao kwenye kambi ya juu wengine waliposhuka. Mtu wa pwani, mzaliwa wa joto la Pangani, akilinda hema kwenye baridi ile: ningetoa mengi kuisikia hadithi yake kwa kinywa chake. Hakuna aliyeiandika.

Mwaka 1989, miaka mia ilipotimia, Mzee Yohani Kinyala Lauwo alitambuliwa na kuenziwa kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer. Alifariki mwaka 1996. Wapo wanahistoria wanaobishana kuhusu umri wake na safari ipi hasa aliyoiongoza. Ubishi huo hauna mwisho kwa sababu aliyekuwa na kalamu mwaka 1889 hakuona haja ya kumhoji aliyekuwa na njia. Tunapobishana leo, tunalipa deni la ukimya wa wakati ule.

Je, hali ya sasa ni tofauti? Ingia kwenye mtandao utafute video za Kilimanjaro. Utaona mamia kwa mamia, na nyingi zina mpangilio mmoja. Mgeni anajitambulisha, anaeleza kwa nini amekuja, anatembea, anaumwa kichwa, analia kileleni karibu na ubao, anashuka. Halafu, mwishoni, wapagazi wanapanga mstari na kuimba wakicheza, kamera inazunguka kwenye nyuso zao zinazotabasamu, na video inaisha. Wenyewe hujiita wagumu, na ni wagumu kweli. Lakini baada ya siku sita au saba za kumsikia mgeni, wao tunawasikia wakiimba tu. Hatuwasikii wakisema. Tofauti kati ya wimbo ule na ngoma za watawa wa Tibet kule London mwaka 1924 ni ndogo kuliko tunavyopenda kuamini.

Sidharau wimbo. Wimbo ni wetu, una furaha ya kweli ya kazi iliyokwisha salama, na unasaidia bahashishi ipatikane. Ninachohoji ni kwa nini uwe ndio sauti pekee. Filamu kubwa ya David Breashears ya mwaka 2002, Kilimanjaro: To the Roof of Africa, ilimpa nafasi na jina mwongoza watalii wa Kichaga, Jacob Kyungai. Inawezekana, basi. Lakini mpaka leo hali hiyo haijawa desturi.

Wala tusijidanganye kwamba ni tabia ya Wazungu peke yao. Mei 2024 Mkenya Cheruiyot Kirui alifariki Everest akijaribu kufika kileleni bila mtungi wa oksijeni. Afrika Mashariki ilimlilia, na alistahili kuliliwa. Pamoja naye alikuwa mwongozaji wake, Nawang Sherpa, ambaye naye hakurudi. Ni wangapi miongoni mwetu tulilishika jina la pili? Mwafrika akipanda, naye huingia kwenye nafasi ya anayesema, na aliyembebea huingia kivulini. Kinachotuhusu hapa ni nafasi ambayo mtu yuko katika mnyororo wa kazi, na rangi ya ngozi haimkingi mtu na kishawishi cha kuwasahau walio chini yake.

Pingamizi tatu

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa, na kwamba mwanazuoni wa nchi maskini ana mengine ya kuandika. Ninajibu kwamba Kilimanjaro ni mwajiri. Maelfu ya familia za Moshi, Hai, Rombo na kwingineko hula kwa mzigo unaobebwa pale. Sheria za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi, na mizigo hupimwa getini. Kama kikomo hicho kinaheshimiwa pia baada ya geti, kama posho inafika mkononi yote, kama hema la kulala linatosha, hayo ni mambo anayeyajua mbebaji. Asiposikika, tutaendelea kuyajua kutoka kwa mgeni anayeandika maoni yake akiwa uwanja wa ndege.

Wapo watakaosema kwamba mpagazi amelipwa, na aliyelipwa hadai. Lakini alilipwa kwa ajili ya kubeba. Uso wake, wimbo wake na jasho lake vinapouza safari nyingine kumi, hiyo ni kazi nyingine, na haikuwamo kwenye malipo yale.

Na wapo, wengine ni wasomi wenzangu, watakaosema kwamba mpagazi hana la kusema zaidi ya "mzigo ni mzito". Hao ningependa niwaulize kuhusu barafu. Wanasayansi waliolinganisha ramani na picha za anga walikadiria kwamba asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imetoweka ilipofika mwaka 2007. Takwimu hiyo inajulikana dunia nzima. Mtu aliyepanda mlima huo mara mia mbili katika maisha yake ameiona barafu ikirudi nyuma, anakumbuka ilifika wapi mwaka aliooa, anajua kijito gani cha kambi kilikauka na lini. Huo ni ushahidi. Unapotea kila mzee mmoja anapozikwa.

Tufanye nini

Kwanza, vibali. Anayetaka kupiga filamu ya kibiashara ndani ya hifadhi huomba ruhusa kwa mamlaka zetu. Bodi ya Filamu na Shirika la Hifadhi za Taifa wangeweza kuongeza masharti matatu yasiyomgharimu mtu fedha nyingi: majina ya wapagazi, wapishi na waongozaji wote yaandikwe mwishoni mwa filamu, nakala ikabidhiwe kwa hifadhi ya kumbukumbu nchini, na filamu ionyeshwe Moshi, kwa maelezo ya Kiswahili, mbele ya wale waliomo. Kanuni kama hizo huandikwa na maofisa wa ngazi ya kati, na ninajua baadhi yao husoma makala haya.

Pili, jukwaa. Zanzibar imekuwa na Tamasha la Nchi za Jahazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na limethibitisha kwamba tunaweza kuikaribisha dunia kwenye filamu. Sioni kwa nini Moshi isiwe na siku tatu za filamu za milima kila mwaka, kwenye kumbi za vyuo vilivyopo. Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest mwaka 2012, ni msemaji. James Kagambi, Mkenya aliyefika huko mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 62, ni msemaji. Na mpishi ambaye hajawahi kupita kambi ya mwisho ni msemaji pia, kama tutamuuliza maswali ya maana na kumlipa kama tunavyowalipa watoa mada wengine. Ninasisitiza malipo. Mbebaji akipandishwa jukwaani ili ahurumiwe, tutakuwa tumerudi London ya mwaka 1924 kwa njia nyingine.

Tatu, wanafunzi. Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti ya kasi kwenye kambi za mlimani. Mjadala wa wakati ule ulikuwa kuhusu wageni kutuma picha zao papo hapo. Lakini simu iko pia mfukoni mwa mpagazi. Wanafunzi wa filamu, isimu, historia na sosholojia wanaotafuta mada za tasnifu wasiende mbali. Waende Marangu na Machame msimu wa mvua, kazi zinapopungua na watu wako nyumbani. Wakae na wazee, wawarekodi kwa Kiswahili na kwa Kichaga, waandike majina yote, warudishe nakala kwa familia.

Rubani wa droni kule K2 hakuwa amekwenda kutafuta ushahidi, akaupata. Peedom alikwenda kutafuta sauti za wabebaji, na msiba ulipotokea alikuwa tayari anawasikiliza. Sisi hatuhitaji kungoja msiba. Wapagazi watapanga foleni getini kesho asubuhi kama walivyofanya leo, na kila mmoja wao ana jina na anakotoka. Kazi ya kuwauliza inaweza kuanza wiki hii.